Maji na Soda Katika Fungu Moja: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Afya, Bunge la Taifa, Nairobi.

Waheshimiwa,

Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka maji ya chupa na soda katika fungu moja na kuvitoza kiwango kimoja, shilingi 5 kwa lita. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa kwa kufuata mfumuko wa bei, na vyote viwili vikapanda pamoja. Soda yenye gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa soda isiyopunguzwa sukari, hubeba zaidi ya gramu 50 katika chupa ya nusu lita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoipata mtu kwa siku, yaani takribani gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, na linasema ni bora zaidi akibaki chini ya gramu 25. Chupa moja basi humaliza fungu la siku nzima, kabla mnywaji hajagusa chai wala andazi. Machoni pa sheria, mzazi anayemnunulia mtoto maji na mzazi anayemnunulia soda wamefanya jambo moja. Nimeanza na kifungu hiki kidogo cha ushuru kwa sababu kinaonyesha kosa lililomo katika mjadala wetu wote kuhusu chakula kisichofaa afya. Tunaambiwa kwamba tuna njia mbili tu: Serikali iingie jikoni mwa mwananchi, au ibaki nje na kumwachia achague mwenyewe. Serikali haijawahi kuwa nje. Imo jikoni siku nyingi, na inachoamua humo kila mwaka kina bei.

Tazameni yaliyokwisha kufanyika. Chumvi tunayokula ina madini joto kwa sababu sheria ilidai hivyo tangu miaka ya 1970, ili kupambana na rovu. Unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani, pamoja na mafuta ya kupikia, huongezwa virutubisho kwa amri ya mwaka 2012. Mahindi yenye sumukuvu kupita kiwango huondolewa sokoni bila mnunuzi kuulizwa kama angependa kujaribu bahati yake. Hakuna aliyeandamana kudai haki ya kula chumvi isiyo na madini joto. Kwa upande mwingine, kwa miaka mingi sukari nyeupe ya viwandani, ile inayotumiwa kutengeneza soda, peremende na biskuti, imeingizwa nchini chini ya mpango wa Afrika Mashariki wa kupunguza ushuru wa forodha, huku sukari ya mezani ikitozwa ushuru mkubwa zaidi mpakani. Huo nao ni uamuzi wa Serikali kuhusu chakula. Una sababu zake za kiviwanda, nami sizidharau, lakini haiwezekani tuite punguzo la ushuru kwa sukari ya kiwandani kuwa ni soko huria, kisha alama ya onyo kwenye pakiti tuiite uvamizi. Hoja yangu kwenu ni moja: pale tunapodai kuwa tumemwachia mwananchi uhuru wa kuchagua, kwa kweli tumeshamchagulia, na tumemchagulia vibaya. Kudhibiti kwa busara ndiko kutakakomrudishia uhuru huo.

Ukubwa wa tatizo mnaufahamu kuliko wengi, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti huo huo ulionyesha udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano umeshuka hadi asilimia 18, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Hilo ni jambo la kujivunia, na lilipatikana kwa sera, si kwa kumwachia kila mzazi ahangaike peke yake. Magonjwa yasiyoambukiza sasa yanachukua zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote nchini. Kisukari na shinikizo la damu, yakiachwa, huishia kwenye figo; na mgonjwa ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Bima ya zamani, NHIF, ililipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi, karibu shilingi milioni moja kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Leo sote tunachangia asilimia 2.75 ya mapato yetu katika bima mpya ya afya ya jamii. Chaguo tunaloliita la mtu binafsi dukani huwa deni la wote linapofika hospitalini. Silisemi hili ili mgonjwa aonewe au anyimwe matibabu. Asitibiwe kwa masharti hata siku moja. Nalisema kwa sababu jamii iliyokubali kulipa pamoja ina haki ya kuuliza pamoja gharama hii inaanzia wapi.

Sasa niwageukie wanaotetea uhuru wa mtu kuchagua chakula chake, kwa kuwa hoja yao ni nzito na mara nyingi hujibiwa kwa dharau. Wanasema mtu mzima mwenye akili timamu hahitaji Serikali imshike mkono dukani. Nakubali. Mtu mzima akijua kilichomo ndani ya pakiti, akainunua, akaila kwa raha zake, hilo halihusu Bunge. Lakini kuchagua kunahitaji kujua, na hapo ndipo soko letu linapomwangusha mnunuzi. Habari za sukari, chumvi na mafuta huandikwa nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza pekee, kwa vipimo vinavyomtaka mnunuzi apige hesabu ya gramu kwa kila gramu 100, kisha aizidishe kwa uzito wa pakiti aliyoishika. Pakiti zenyewe nyingi ni zile za kadogo, za shilingi kumi au ishirini, ambazo hazina hata nafasi ya maandishi yanayosomeka. Mbele ya pakiti kuna picha ya tunda. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Kisha kinaliagiza Bunge litunge sheria za kumlinda, zikiwemo za matangazo ya haki na ya ukweli. Mpenda uhuru asiyetaka maandishi haya yatekelezwe anatetea nini hasa? Uhuru wa mnunuzi kutojua?

Chile walimpa mnunuzi habari hizo kwa namna iliyo nyepesi kueleweka. Tangu Juni 2016, chakula au kinywaji chochote cha kiwandani kilichozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta yenye madhara au kalori hubandikwa mbele ya pakiti alama nyeusi ya pembe nane, yenye maneno machache yanayosema kilichozidi. Asiyejua hesabu anaielewa. Mtoto anaielewa. Bidhaa zenye alama hiyo haziuzwi shuleni, wala hazitangazwi kwa katuni zinazowavuta watoto. Simbamarara maarufu aliyekuwa akipamba boksi la nafaka za asubuhi ilibidi aondoke. Watafiti walipopima manunuzi ya kaya katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, walikuta ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi umeshuka kwa takribani asilimia 24. Hakuna kinywaji kilichopigwa marufuku kuuzwa madukani. Anayeitaka soda yake aliendelea kuipata, ila sasa alijua anachokunywa, na wengi walipojua walibadili uamuzi. Hakuna ushahidi nilioupata wenye nguvu kuliko huu dhidi ya dai kwamba Wachile walikuwa wamechagua kwa hiari yao kabla ya hapo. Nasi tuwe na alama kama hizo, ziandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa, na ziwekwe hata kwenye pakiti za kadogo, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa na wengi.

Kuhusu watoto, naomba tuache kabisa lugha ya uhuru wa kuchagua. Mtoto wa miaka saba hachagui kwa maana tunayoizungumzia hapa. Anavutwa. Kampuni zinalijua hili, ndiyo maana rangi, zawadi ndani ya pakiti na wahusika wa katuni huelekezwa kwake na si kwa baba yake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi, na kinasema maslahi ya mtoto yana umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Shule ni mahali ambapo mzazi amemkabidhi mtoto kwa watu wengine kwa saa nyingi, wala hayupo kumwambia hapana. Kuta zilizopakwa rangi za kampuni ya vinywaji, kibao cha shule chenye nembo ya soda juu ya jina la shule, mashindano ya michezo yanayofadhiliwa na watengenezaji wa peremende: haya yote huwafundisha watoto somo ambalo halimo katika mtaala wowote. Wapo watakaosema shule zinahitaji ufadhili huo. Kama ni kweli, ni aibu yetu na ya bajeti yetu, na haifai mtoto ailipie.

Nije sasa kwenye kodi, ambayo najua ndiyo itakayowapa shida. Namna ya kutoza ina uzito kuliko kiasi kinachotozwa. Ukitoza kwa lita, kama tufanyavyo, kampuni haipati faida yoyote kwa kupunguza sukari, maana lita ni lita. Ukitoza kwa gramu ya sukari, kila gramu inayoondolewa inampunguzia mtengenezaji gharama. Uingereza ilitangaza ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwaka 2016 na kuanza kuutoza Aprili 2018, kwa madaraja mawili: kuanzia gramu 5 na kuanzia gramu 8 katika mililita 100. Makampuni mengi yalibadilisha vinywaji vyao kabla hata ya siku ya kwanza ya kutozwa. Mnywaji hakulazimika kuhudhuria semina wala kushinda tamaa yake. Alikunywa kinywaji kile kile, sukari ikiwa imepungua. Afrika Kusini, iliyo karibu nasi zaidi kwa hali, ilianza mwaka huo huo wa 2018 kwa kutoza kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Uchunguzi wa manunuzi ya kaya za mijini ulionyesha kwamba sukari inayotokana na vinywaji hivyo ilishuka kutoka takribani gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya gramu 11, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika kaya zenye kipato kidogo. Tunapoambiwa kwamba kodi hizi humwonea maskini, tuulize pia maskini amenufaika kiasi gani, kwa sababu ndiye asiye na akiba siku kisukari kinapobisha hodi.

Hata hivyo, kuna pingamizi moja ambalo takwimu za Afrika Kusini haziwezi kulijibu, nalo ni la Kenya hasa. Mnakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na mafuta ya mboga ushuru wa asilimia 25. Mapendekezo hayo yaliondolewa kabla ya kura ya mwisho, lakini uaminifu ulikuwa umeshavunjika. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, vijana wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia mswada huo saini. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mtu yeyote anayesimama na kusema "tuongeze kodi kwa ajili ya afya yenu" atasikika kama anayetafuta mlango mwingine wa kuingilia mfukoni mwa mwananchi. Na wananchi hawakosei kushuku. Ndiyo sababu nasema kodi hii isiletwe kama nyongeza. Iletwe kama mabadilishano yanayoonekana kwa macho: siku ile ile sukari inapoanza kutozwa kwa gramu, ushuru wa maji ya chupa ufutwe, na vinywaji vyenye sukari kidogo vitozwe pungufu ya vinavyotozwa sasa. Mkate na mafuta ya kupikia visiguswe. Palipo na chumvi nyingi katika mkate, Afrika Kusini ilionyesha njia isiyohitaji kodi: iliweka kisheria ukomo wa chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani, ukaanza kutekelezwa mwaka 2016, nao waokaji wakapunguza. Ipo dalili moja itakayowathibitishia wananchi nia ya Serikali, nayo ni kwamba kodi ya namna hii ikifaulu mapato yake hupungua. Waziri wa Fedha anayeipangia mapato makubwa zaidi kila mwaka atakuwa ameshakiri kwamba hakuikusudia kwa ajili ya afya. Kamati yenu ndiyo iliyo na nafasi ya kumuuliza.

Wabunge wanaotoka maeneo ya miwa watauliza kuhusu mkulima, na wana haki. Mkulima wa Mumias, Nzoia au Chemelil ameumizwa mara nyingi mno na maamuzi ya Nairobi. Ila katika hili si yeye anayebeba mzigo. Kenya kwa miaka mingi imetumia sukari nyingi kuliko inayozalisha, na pengo limezibwa kwa sukari ya kutoka nje. Sukari nyeupe iliyosafishwa ya viwandani, ile inayoingia kwenye soda, huagizwa kutoka nje. Soda ikipunguziwa sukari, mzigo unaopungua kwanza ni ule unaoshushwa bandarini Mombasa, si ule unaopimwa kwenye mizani ya kiwanda cha miwa. Kinachomuumiza mkulima ni malipo yanayochelewa, viwanda vinavyosimama na uagizaji wa kiholela. Wenye viwanda vya vinywaji wasijifiche nyuma ya jembe lake.

Bado kuna swali la kibanda. Mama anayekaanga viazi karai au mahamri barabarani, kijana anayeuza smokie kwenye toroli, je, nao watafuatwa na maafisa wa kaunti wakiwa na karatasi mpya ya faini? Wasifuatwe. Na hili liandikwe ndani ya sheria, kwa sababu tunajua sheria isiyo wazi hugeuka nini mikononi mwa askari wa kaunti. Chakula cha kibandani hakitengenezwi kwa mamilioni, hakina bajeti ya matangazo, na anayekipika anategemea mafuta na unga aliouziwa na wengine. Udhibiti uishie kiwandani na kwa muagizaji. Mafuta yakitoka kiwandani yakiwa na mafuta ya transi yasiyozidi gramu 2 kwa kila gramu 100, kiwango kinachopendekezwa na WHO, yule mama na wateja wake wamelindwa bila yeye kuulizwa chochote. Denmark, nchi ya kwanza kuweka ukomo huo, mwaka 2003, ilifanikiwa hapo. Nchi hiyo hiyo ilipoanzisha mwaka 2011 kodi pana kwa kila chakula chenye mafuta mazito, siagi na jibini vikiwemo, watu walivuka mipaka kwenda kununua Ujerumani na Sweden, na kodi ikafutwa baada ya mwaka mmoja na ushee. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba sheria ilenge bidhaa chache kwa vipimo vinavyojulikana. Hilo pia linamjibu anayeogopa kwamba leo ni soda na kesho itakuwa ugali na nyama choma. Kigezo cha viwango vya sukari, chumvi na mafuta kikiandikwa wazi kwa vyakula vya kiwandani tu, na kila badiliko likirudi Bungeni kupitia ushirikishwaji wa umma unaodaiwa na Kifungu cha 118, hakuna waziri atakayeamka asubuhi na kuongeza nyama choma kwenye orodha.

Mawakili watakuja. Walikuja pia wakati wa kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilizikubali kanuni hizo. Sisemi chakula ni sigara. Lakini mahakama zetu zimeshaonyesha kwamba uhuru wa kufanya biashara hauzuii Serikali kulinda afya kwa njia zenye kipimo.

Mswada wa Fedha hupitia kwa wenzenu wa Kamati ya Fedha, na mwaka wa fedha huanza Julai. Ombi langu ni kwamba msingoje kualikwa: wapelekeeni mapema pendekezo lililoandikwa la kutenganisha maji na soda, na kutoza sukari kwa gramu. Masuala ya alama za onyo, matangazo kwa watoto na shule yanahitaji mswada wake, nao ni wenu kuuleta. Mtakapofanya vikao katika kaunti, wenye viwanda watafika wakiwa na wataalamu wao na makabrasha yao, na wasikilizwe. Siku hiyo hiyo, katika kikao hicho hicho, waalikeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, muuguzi wa kliniki ya kisukari na mtu anayesafishwa damu, mkiwalipia nauli. Kisha kumbukumbu za kikao zichapishwe kwa Kiswahili, pamoja na majina ya waliofadhiliwa na kampuni yoyote ya chakula au vinywaji kufika hapo.

Wenu,
Mlipakodi na mpiga kura